Kazi Isiyorudisha Habari

Mwaka 2010 wafanyakazi wa wodi ya wazazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Somo lenyewe si refu. Mtoto anakaushwa, anasuguliwa mgongo, njia ya hewa inasafishwa, na akiwa bado kimya anapewa hewa kwa ule mfuko wa kubinya ambao wodini unaitwa ambu, yote hayo kabla dakika ya kwanza haijaisha. Walifundishwa kwa mwanasesere, wakapimwa kwa mwanasesere, na alama zao zikapanda sana. Kwa kawaida hadithi ya semina huishia hapo, kwenye vyeti na picha ya pamoja. Watafiti wa Haydom hawakuishia hapo. Waliendelea kuangalia kilichotokea miezi iliyofuata kwenye meza wanapolazwa watoto wa kweli, na walichokiona wakakichapisha mwaka 2013 bila kukipamba: waliofaulu kwa mwanasesere hawakuonyesha kuboreka walipowahudumia watoto wa kweli.

Kuanzia 2011 hospitali hiyohiyo ikabadili utaratibu. Mwanasesere akahamia wodini, na wafanyakazi wakawa wanafanya naye mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio ya kama dakika 40 kila mwezi. Mwaka mmoja kabla ya utaratibu huo ulipolinganishwa na mwaka mmoja baada yake, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Watoto waliochangamshwa kwa kusuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, na waliopewa hewa kwa ambu wakapungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Takwimu hiyo ya mwisho inafikirisha kuliko ile ya vifo, maana inaashiria kwamba hatua ndogo za mwanzo zilianza kufanyika kwa wakati, kwa hiyo hatua kubwa haikuhitajika mara nyingi kama zamani. Ni kweli kwamba utafiti wa kulinganisha kabla na baada una udhaifu wake, kwa sababu mengi hubadilika hospitalini ndani ya mwaka. Lakini tukiuweka pembeni mwa ule wa siku moja, wodi ileile na somo lilelile, tofauti inayobaki ni ya umbali. Semina iliweka miezi kati ya kujifunza na kutenda. Mazoezi ya kila wiki yaliubana muda huo hadi ukawa wa siku chache.

Neno mrejesho limeenea sana maofisini Tanzania katika miaka ya karibuni, kiasi kwamba limeanza kuchakaa: kila mkutano unafungwa kwa kuomba mrejesho, na kila msemaji anaahidi kuupeleka kwa wahusika. Hata hivyo neno lenyewe limejengwa vizuri. Kinachorejeshwa ni kitu kilichoondoka kwa mwenyewe, na kwake ndiko kinakotakiwa kurudi. Hoja yangu ni kwamba mtu habadiliki kazini kwa sababu ya miaka aliyoitumikia, wala kwa ukali wa anayemkagua, wala hata kwa moyo wake wa kujichunguza. Anabadilika pale habari za alichokifanya zinapomrudia mapema, zikiwa na undani wa kutosha, mahali ambapo ana nafasi ya kujaribu tena kabla hajazisahau. Penye pengo katika mzunguko huo, tafakuri inageuka kuwa masimulizi na mrejesho unageuka kuwa hukumu.

Pingamizi la kwanza, na pengine la heshima kuliko yote, linasema kwamba kazi yenyewe ni mwalimu. Aliyefanya miaka 20 amepata mrejesho wa miaka 20. Ana haja gani ya mwanasesere na daftari? Kwa baadhi ya kazi jibu hili linatosha. Fundi cherehani anashona suti, mteja anakuja kuijaribu, na bega lililokaa vibaya linaonekana papo hapo mbele ya kioo. Mpishi wa pilau anaona sahani zinavyorudi jikoni. Dereva wa lori anayepanda mlima Kitonga anajua ndani ya sekunde kama gia aliyochagua ndiyo. Kazi za namna hii zinamfundisha mtu hata asipokusudia kujifunza. Sasa mtazame tabibu wa wagonjwa wa nje. Mtoto mwenye homa anaingia, anapewa dawa, anaondoka. Akipona harudi, kwa kuwa amepona. Akizidiwa anapelekwa hospitali nyingine, au kwa mganga, au kaburini, na kwa vyovyote vile harudi pale mezani. Tabibu huyo anaweza kuona watoto elfu kumi wa namna hiyo na asijifunze kwao lolote zaidi ya kasi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa wamebishana kwa miaka kuhusu thamani ya uzoefu, walikubaliana katika makala ya mwaka 2009 kwamba hisia za mtaalamu zinaaminika pale tu mazingira ya kazi yanapokuwa na utaratibu unaoweza kujifunzwa na mhusika akapata nafasi ya kuujifunza kwa kupewa matokeo. Nje ya hapo, uzoefu humwongezea mtu uhakika bila kumwongezea ustadi. Mapitio ya tafiti 62 kuhusu madaktari, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalifikia mahali pasipofurahisha: katika zaidi ya nusu ya tafiti hizo, kadiri daktari alivyokaa kazini miaka mingi ndivyo vipimo vya ubora wake vilivyoshuka. Hilo halina maana kwamba wazee wa kazi hawafai. Lina maana kwamba miaka haifundishi penye ukimya.

Basi ajichunguze mwenyewe, atasema mwingine. Hili ndilo pendekezo la vitabu vingi tangu Donald Schön alipochapisha mwaka 1983 kitabu chake kuhusu mtaalamu anayetafakari, na vyuo vingi vya ualimu na uuguzi vinawataka wanafunzi waandike daftari la tafakuri. Nia ni njema. Tatizo ni malighafi. Nyani haoni kundule, na anayetafakari kazi yake kwa kutegemea kumbukumbu anatumia shahidi aliyekwisha kupangwa. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alionyesha kwa majaribio kwamba watu wakishaambiwa jambo lilivyoishia, wanaamini kuwa tangu mwanzo walikuwa wanaona linakoelekea. Hawadanganyi, wamesahau tu walivyokuwa hawajui. Ndiyo maana madaftari mengi ya tafakuri yanasomeka kwa namna moja: leo kipindi kilikwenda vizuri, wanafunzi walishiriki, changamoto ilikuwa muda. Mwalimu aliyeandika hivyo hakujidanganya kwa makusudi. Hakuwa na kitu kingine cha kuandika, kwa sababu hakujua ni wanafunzi wangapi kati ya 70 waliotoka darasani wakiwa wameelewa kugawanya sehemu. Mtu akijua kwamba 19 kati yao walikosea mahali palepale, tafakuri yake inapata cha kutafuna.

Lakini je, kujua kunatosha? Utafiti uliofanywa mkoani Arusha na Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, uliochapishwa mwaka 2006, unatia doa hata katika imani hiyo. Watafiti walipoingia katika vyumba vya madaktari na kukaa kuangalia, ubora wa huduma ulipanda ghafla: maswali yaliyopaswa kuulizwa yaliulizwa, vipimo vilivyopaswa kufanyika vilifanyika. Kisha, mgonjwa baada ya mgonjwa, madaktari wakaanza kumzoea mgeni na ubora ukateremka hadi ulipokuwa kabla hajaja. Tafiti zao zilizofuata zikaonyesha pengo kati ya kile ambacho tabibu anaweza kukifanya akiulizwa kwa mfano wa kubuni na kile anachokifanya kwa mgonjwa aliye mbele yake. Kwa hiyo wapo wengi ambao hawakukosa elimu. Wapinzani wa ukaguzi wameyachukua matokeo kama haya kuwa ushahidi kwamba kumwangalia mtu kazini ni kuandaa maigizo. Nayasoma kinyume. Kama ubora ulipanda bila dawa mpya, bila mshahara mpya na bila semina, basi uwezo ulikuwepo ukiwa umelala. Na kama ulishuka mgeni alipozoeleka, basi tatizo la mrejesho wa mgeni ni kwamba ni wa mgeni. Ukaguzi wa mara mbili kwa mwaka unaamsha uwezo kwa asubuhi mbili.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kwa wanaoujua mrejesho kwa karibu: kwamba mara nyingi unaharibu. Hawakosei. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za karibu karne nzima, zenye vipimo 607 vya athari ya mrejesho juu ya utendaji. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo, waliopewa mrejesho walifanya vibaya kuliko ambao hawakuambiwa kitu. Maelezo yao yana mantiki ambayo yeyote aliyewahi kusomewa ripoti yake mbele ya bosi ataitambua: kadiri mrejesho unavyoyavuta mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi hadi kwenye nafsi yake, ndivyo nguvu zake zinavyokwenda kuilinda nafsi hiyo. Ukimwambia mkunga kwamba mtoto wa tatu jana alipewa hewa baada ya dakika mbili na nusu, umempa kitu cha kushika. Ukimwambia kwamba yeye ni mzembe, umempa kesi ya kujitetea. Sifa nazo zina hatari ileile. Anayeambiwa kuwa ana kipaji hujifunza kukilinda kipaji kwa kukwepa yale yatakayomwaibisha.

Utumishi wa umma Tanzania umelipitia somo hili kwa njia ndefu. Kwa miaka mingi tathmini ilikuwa taarifa ya siri: mkuu anaandika, jalada linafungwa, aliyeandikwa hajui kilichoandikwa. Kama chombo cha kumsaidia mtu kuboresha kazi yake, taarifa ya siri ilikuwa na dosari ya ajabu, kwamba mtu pekee ambaye angeweza kuitumia ndiye pekee asiyeruhusiwa kuiona. Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi, OPRAS, uliomtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie katikati, na wayatathmini mwishoni. Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa. Maofisini fomu zilizoeleka kujazwa kwa mkupuo, mara nyingi zinapokaribia kudaiwa kwa ajili ya kupandishwa daraja, na alama zikajazana upande wa juu. Sababu si uvivu peke yake. Fomu iliyobeba kwa pamoja mambo mawili, kumsaidia mtu ajirekebishe na kuamua kama atapandishwa cheo, itatumika kwa lile la pili daima, kwa sababu ndilo lenye mshahara ndani yake. Nani ataandika mwenyewe, kwa saini yake, kwamba hajui kuandaa bajeti, katika karatasi itakayosomwa na wanaoamua daraja lake? Sasa OPRAS imeachia nafasi mfumo wa kielektroniki, PEPMIS, ambao unamtaka mtumishi aingize kazi zake kwa vipindi vifupi zaidi. Kufupisha vipindi ni jambo la maana. Kuhamisha fomu kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta, peke yake, hakuligusi tatizo la mambo mawili kubebwa katika chungu kimoja.

Kenya imetupa ulinganisho mzuri kwa kuwa iliendesha aina zote mbili kwa wakati mmoja, kwa walimu walewale. Mwaka 2016 Tume ya Huduma kwa Walimu ilianzisha TPAD, mfumo wa tathmini wenye vigezo na ushahidi wa kupakia mtandaoni, na chama cha walimu, KNUT, kikaupinga kwa sauti kubwa. Malalamiko ya walimu yalihusu makaratasi kuliko ufundishaji. Mwaka mmoja kabla ya hapo ulikuwa umeanza mpango wa Tusome, wa kusoma katika madarasa ya chini. Chini ya Tusome, afisa wa elimu wa eneo alifika darasani na tabuleti, akaangalia somo, akawaita wanafunzi watatu waliochaguliwa kwa bahati nasibu wamsomee, kisha akakaa na mwalimu siku hiyohiyo wakaongea juu ya alichokiona na alichokisikia. Maafisa hao hawakuwa watu wapya. Wengi wao walikuwa wakufunzi wa zamani wa vituo vya walimu waliojulikana kwa mambo ya utawala zaidi. Kilichowabadilisha ni kazi waliyopewa: wasikie watoto watatu wakisoma. Mwalimu anaweza kubishana na afisa kuhusu mbinu, anaweza kusema darasa lake ni kubwa, lakini mtoto aliyeshindwa kusoma mstari mbele yao wote wawili amekwisha kuhamisha mazungumzo kutoka kwa mwalimu hadi kwenye mstari wenyewe.

Ningependa kukaa kidogo kwenye makaratasi, maana ndiko mambo mengi mazuri yanakokufa. Patografu ni karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo wa mtoto yakoje, mstari umevuka alama ya tahadhari au la. Ni mrejesho uliokamilika, kwa kuwa unamwambia mkunga hali ilivyo wakati bado kuna la kufanya. Na ni jambo linalojulikana katika wodi nyingi za Afrika Mashariki kwamba patografu hujazwa mama akishajifungua, ili jalada likamilike. Mistari inanyooka, nukta zinakaa zilipotakiwa, na mkaguzi anaridhika. Karatasi iliyobuniwa ili imsemeshe mkunga imegeuka ya kumsemesha mkaguzi, na mgeuko huo haukuhitaji mtu yeyote mwovu. Ulihitaji tu wagonjwa wengi, wakunga wachache, na mkaguzi anayehesabu karatasi.

Orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kisa hichohicho kwa kiwango cha dunia. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, Ifakara ikiwa mojawapo pamoja na London, Manila, Toronto na nyinginezo, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Miaka mitano baadaye ukachapishwa utafiti kutoka jimbo la Ontario nchini Kanada: orodha hiyo ilipoanza kutumika katika hospitali 101, vifo havikupungua kwa kiwango cha kutajika. Baadhi ya watu walisema orodha imeshindwa, wengine wakasema Ontario ilikuwa tayari na viwango vizuri, na hoja hizo mbili zina ukweli kiasi. Jambo ambalo sioni likipewa uzito wake ni tofauti ya namna orodha ilivyoingia. Katika zile hospitali nane, mtafiti wa kila hospitali alionyeshwa kwanza dosari zilizobainika hapohapo kwake, kisha orodha ikaanza kutumika. Kwingine ilifika kama waraka, na waraka hujibiwa kwa alama ya vema. Kusimama kwa sekunde chache kabla ya kupasua, kila mtu akataja jina lake na wasiwasi wake, ni kitendo cha kutafakari. Kuweka alama kwamba kitendo hicho kimefanyika kunaweza kufanyika kukiwa hakuna aliyesimama.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba wanaofanya kazi wanataka habari ziwarudie. Wengi hawataki, na wana sababu. Tanzania ina utaratibu wa kujadili kila kifo kinachotokana na uzazi, na msingi wake uliotangazwa ni kwamba hakuna kutajana majina wala kulaumiana. Lakini wodi haiko kisiwani. Tangu 2015 lugha ya kutumbua majipu ilipoingia kwenye siasa, kila mtumishi amekwisha kuona katika televisheni mwenzake akisimamishwa kazi mbele ya kamera kabla uchunguzi haujaanza, umati ukishangilia. Anayekwenda kwenye kikao cha kujadili kifo akiwa na picha hiyo kichwani atasema machache, na yale machache atakuwa ameyapanga. Matokeo yake kikao kinaandika kwamba mama alichelewa kufika, jambo ambalo mara nyingi ni kweli, na ambalo lina faida ya kutomgusa yeyote aliyeko chumbani. Hili si la Afrika peke yake. Huko Boston mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa upasuaji Ernest Codman alipendekeza kwamba kila mgonjwa afuatiliwe baada ya kuondoka hospitalini ili ijulikane kama tiba ilimsaidia, na kama haikumsaidia, kwa nini. Wakubwa wake hawakupendezwa. Akajiuzulu, akaendesha hospitali yake ndogo, na akachapisha matokeo ya wagonjwa 337 pamoja na makosa 123 aliyoyahesabu humo, yakiwemo yake. Gharama aliyoilipa kwa heshima na kipato ilikuwa kubwa, na wazo lake leo ni la kawaida katika hospitali za nchi yake.

Wengine wataongeza kwamba kwetu kuna jambo la ziada, heshima ya umri na cheo. Kijana hawezi kumwambia mama mkunga wa miaka 30 kazini kwamba ambu haikukaa vizuri usoni. Ni kweli, na sidhani kwamba dawa yake ni kuwafundisha vijana ujasiri. Heshima haizuii habari. Inazuia mdomo fulani kuzisema. Mwanasesere asipopandisha kifua, amekwisha kusema, na hakuna aliyekosewa adabu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda siku zote katika karakana za pwani, ambako mwanagenzi hamkosoi fundi wa jahazi, lakini chombo kikiingiza maji kila mtu anayaona. Anayetaka mrejesho upite penye heshima na atafute kitu cha kuusema badala ya mtu. Wahenga waliosema mficha uchi hazai hawakumaanisha kwamba mzazi ajianike barazani; hata chumba cha kujifungulia kina mlango, na waliomo ndani wamekuja kusaidia.

Swali la muda na vifaa silipuuzi, ingawa hutumika kama ngao. Dakika tano kwa wiki si muda ambao wodi yoyote haina. Lakini pale ambapo mkunga mmoja ana akina mama sita kwa usiku, au oksijeni imekwisha tangu jana, kumpa mrejesho kuhusu mikono yake ni kumkebehi. Mrejesho unaokwenda chini tu, kutoka kwa msimamizi hadi kwa mfanyakazi, huishia kumtwika mtu wa mwisho lawama za mlolongo mzima. Habari zilezile zinapaswa kupanda pia: kama wakunga wa hospitali kumi wanafanya vizuri kwa mwanasesere na vibaya usiku, anayehitaji kutafakari ni yule anayepanga zamu. Mpango mkubwa uliokuja baada ya Haydom ulilizingatia jambo hili kiasi. Ulienea katika hospitali na vituo 30 kwenye mikoa mitano ya Tanzania, ukaunganisha vifaa vipya, mazoezi mafupi ya wodini, na takwimu za kila kituo kurudishwa kwa wafanyakazi wa kituo hicho wazijadili wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yenye akina mama zaidi ya 280,000, yalionyesha vifo vya watoto vinavyotokea karibu na kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mafanikio hayakuwa sawa katika mikoa yote. Kwingine yalikuwa makubwa, kwingine madogo. Kutolingana huko kunanipa imani kuliko ambavyo wastani laini ungenipa, kwa kuwa kitu kinachotegemea watu wa wodini kukaa na kuzungumza juu ya kazi yao hakiwezi kuwa na nguvu ileile kila mahali.

Anayefanya kazi peke yake, bila mwanasesere na bila mpango wa mikoa mitano, atauliza aanzie wapi. Afisa tabibu wa zahanati anaweza kuanza na daftari na simu. Kila siku ya kazi achague watoto watatu kati ya aliowaona, si wale waliomtia wasiwasi peke yao maana hao angewakumbuka hata hivyo, bali kwa mfano wa tano, wa kumi na tano na wa ishirini na tano kuingia. Aandike anachodhani wanaumwa na anachotarajia kitatokea, kwa maneno yanayoweza kukosewa: homa itakuwa imeshuka kesho kutwa jioni. Siku ya nne ampigie mama kwa namba aliyoiacha na aandike jibu kwenye mstari huohuo. Kuandika utabiri kabla ya jibu ndiyo sehemu isiyoweza kurukwa, kwa sababu ndiyo inayoizuia kumbukumbu isipange ushahidi. Baada ya miezi mitatu atakuwa na watoto wapatao 200, na bila shaka baadhi ya namba hazitapatikana, akina mama wengine watasema mtoto hajambo ili wasimkatishe tamaa, na vocha atakuwa amejinunulia mwenyewe. Daftari hilo lisipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya, wala lisiambatishwe kwenye fomu yoyote ya tathmini. Mwenye haja nalo anaketi kwenye kiti kilekile, na mtoto wa tano wa kesho yuko njiani.